Fedha Iliyozikwa Shambani: Milki za Uingereza za Karne ya 19 Zilivyoendeshwa

Ukiitazama kwa mbali, milki ya mashambani ya Uingereza ya karne ya 19 ni jambo jepesi: bwana yuko kwenye jumba lake, wakulima wako mashambani, na kodi inaingia mara mbili kwa mwaka. Ukifungua madaftari yake, wepesi huo unatoweka. Bwana mwenyewe mara nyingi hana ruhusa ya kuuza hata konde moja. Mkulima anayemlipa kodi ana farasi, makundi ya kondoo na maelfu ya pauni yaliyolala shambani. Anayeshika jembe ni mtu mwingine kabisa, kibarua wa mshahara wa wiki. Katikati yao yupo msimamizi wa milki, ambaye kazi yake yote ilizunguka swali moja: nani ametia fedha katika udongo huu, na siku akiondoka ataondoka na nini?

Tukilishika swali hilo, karibu kila sharti la mkataba na kila ugomvi wa zama zile unaeleweka. Tukiliacha tunabaki na hadithi za mabwana wema na mabwana wabaya, nazo hazielezi kitu.

Mgawanyo wa mtaji ulikuwa hivi. Mwenye ardhi alitoa vitu visivyohama: ardhi yenyewe, nyumba ya mkulima, maghala, mazizi, malango, na baadaye mifereji ya kutoa maji. Mpangaji alileta vinavyohama: wanyama, plau, mikokoteni, mbegu, mbolea, na fedha za kuwalipa vibarua hadi mavuno yauzwe. Katikati ya karne, hesabu iliyozoeleka ilikuwa kwamba mpangaji makini anahitaji pauni 8 hadi 10 kwa kila ekari. Shamba la ekari 300, yaani hekta 120 hivi, lilitaka mtu mwenye pauni 2,400 hadi 3,000 mkononi. Kulikuwa na kanuni ya zamani ya kupimia kodi: shamba lizae kodi tatu, moja ya mwenye ardhi, moja ya gharama, na moja ya mkulima na jamaa yake. Kanuni hiyo haikuwa sahihi kila mahali, lakini msimamizi aliyeikumbuka hakukosea sana.

Tatizo ni kwamba fedha ya mpangaji haikukaa upande wake. Chukua mashudu, yale mabaki ya mbegu za mafuta yaliyokamuliwa. Mkulima ananunua tani kadhaa na kuwalisha ng'ombe wakati wa baridi. Ng'ombe wananenepa, na samadi yao inakuwa na nguvu zaidi. Samadi inamwagwa kondeni, na ngano inafaidi msimu huo na unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa unga wa mifupa, gwano (kinyesi cha ndege wa baharini) kutoka Peru, na chokaa iliyotandazwa kupunguza uchachu wa udongo. Vyote vilinunuliwa kwa fedha ya mpangaji, na vyote viliishia kwenye udongo wa mtu mwingine.

Bwana aliyefungwa mikono

Kabla ya kumhukumu mwenye ardhi aliyekataa kujenga ghala jipya, ni vizuri kujua alichokuwa nacho hasa. Sehemu kubwa ya milki kubwa zilifungwa na hati ya ukoo. Chini ya hati hiyo aliyeitwa mwenye ardhi alikuwa mtumiaji wa maisha yake tu: anakula kodi, hauzi, na mikataba anayotoa mara nyingi haizidi miaka 21. Baada yake ardhi inakwenda kwa mwanawe wa kwanza. Mwana akitimiza miaka 21 angeweza kuvunja kifungo hicho pamoja na baba, lakini hapo ndipo baba alipomwita mezani: nitakupa posho ya kila mwaka kuanzia leo, nawe utie saini hati mpya, uwe mtumiaji wa maisha kama mimi, na ardhi imsubiri mwanao ambaye hajazaliwa. Kijana asiye na kipato alitia saini. Kila kizazi kifungo kilifungwa upya.

Hati hizo hizo ziliitwisha ardhi mizigo: posho ya mjane hadi afe, mafungu ya wadogo wa mrithi na ya mabinti wanapoolewa, na rehani za zamani. Tuchukue mfano wa kufikirika wa milki ya ekari 5,000 kwa kodi ya shilingi 27 kwa ekari (shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na peni 12 shilingi moja), kiwango cha wastani alichokikadiria mwandishi wa kilimo James Caird alipozunguka kaunti za Uingereza mwaka 1850 na 1851. Kodi yote ni pauni 6,750. Toa matengenezo, kodi ya serikali ya ardhi, na mishahara ya ofisi ya msimamizi, tuseme pauni 1,350. Zinabaki 5,400. Mjane wa baba anachukua 1,000. Wadogo wanne waliahidiwa pauni 5,000 kila mmoja. Pauni 20,000 zimekopwa kwa asilimia 4, riba 800. Rehani ya babu ni pauni 25,000, riba nyingine 1,000. Bwana anabaki na pauni 2,600.

Sasa bei ya ngano ianguke, na kodi ipunguzwe kwa asilimia 20. Kodi inakuwa 5,400. Gharama na riba hazishuki hata senti. Anabaki na pauni 1,250. Punguzo la moja ya tano kwa mpangaji limekula zaidi ya nusu ya kipato cha bwana. Ndiyo maana bwana mwenye jumba la vyumba sitini angeweza kukosa fedha za paa la zizi, na ndiyo maana msimamizi mwenye busara alianza kazi kwa kusoma hati ya ukoo kabla hajatembelea shamba hata moja.

Msimamizi na mwaka wake

Milki ndogo zilimtumia mwanasheria wa mjini, aliyejua hati na hakujua tanipu, zao la mizizi la kulisha mifugo. Matokeo yalionekana kondeni: kodi ilikusanywa kwa wakati, huku paa zikivuja na mitaro ikiziba. Milki kubwa ziliajiri mtu wa kazi hiyo. Kule Holkham, Norfolk, Francis Blaikie, Mskoti, alishika usimamizi kuanzia mwaka 1816 hadi 1832 chini ya mwenye milki hiyo, Thomas William Coke. James Loch alisimamia ardhi za ukoo wa Sutherland kuanzia mwaka 1812, zikiwemo Trentham na Lilleshall kule Uingereza. Jina lake huko Uskoti halisahauliki kwa sababu ya familia zilizohamishwa kwenye ardhi yao kupisha kondoo, na sidhani inafaa kuzisifia hesabu zake nadhifu bila kulitaja hilo. Baadaye kazi ikawa taaluma: chuo cha kilimo kilianzishwa Cirencester mwaka 1845, na chama cha wapima ardhi London mwaka 1868.

Mwaka wa msimamizi ulisimama juu ya siku mbili: 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria, na 29 Septemba, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Kodi ya nusu mwaka iliiva siku hizo, lakini kwa kawaida ilipokewa wiki au miezi kadhaa baadaye, ili mkulima apate nafasi ya kupura na kuuza nafaka. Ucheleweshaji huo ulikuwa mkopo usio na riba, na kila mtu alijua hivyo.

Siku ya kodi ilifanyika kwenye nyumba ya wageni kijijini au kwenye jumba la bwana. Wapangaji waliingia mmoja mmoja. Mezani kulikuwa na daftari lenye safu za jina, shamba, ekari, kodi ya nusu mwaka, deni la nyuma, punguzo, kilicholipwa, kinachobaki. Huyu anaambiwa apunguze kiasi fulani kwa sababu alinunua mbao za lango kwa fedha yake na risiti anayo. Yule anaeleza kwa nini ameleta nusu. Baadaye wote wanakaa kula nyama ya ng'ombe na bia kwa gharama ya milki. Chakula hicho kilikuwa na kazi: wapangaji waliozungumza mezani walimweleza msimamizi, bila kukusudia, ni shamba gani linakaribia kuanguka.

Safu iliyotazamwa zaidi ilikuwa ya deni la nyuma. Deni la nusu mwaka kwa mpangaji mzuri baada ya mavuno mabaya si hatari. Deni linalokua misimu mitatu mfululizo ni ugonjwa, kwa sababu mkulima aliyeishiwa fedha huanza kuuza wanyama, wanyama wakipungua samadi inapungua, na mwaka unaofuata mavuno yanapungua zaidi. Kosa la wasimamizi wengi lilikuwa kusubiri kwa huruma hadi shamba lenyewe limekombwa. Kupunguza kodi mapema, kwa asilimia 10 au 15 iliyotangazwa wazi kuwa ni ya mwaka huo tu, kuliokoa zaidi ya kuacha deni lijilimbikize. Neno "mwaka huo tu" lilikuwa na uzito: kodi iliyoshushwa rasmi ilikuwa ngumu kuipandisha tena, lakini punguzo la msimu liliondoka lenyewe.

Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na ukaguzi wa mashamba, karakana ya milki yenye maseremala na waashi, misitu ya kukatwa kwa zamu, na barua zisizokwisha. Katika matengenezo, desturi iliyoenea ilikuwa bwana atoe mbao, matofali na vigae, na mpangaji avisafirishe kwa mikokoteni yake na kutoa nguvukazi. Desturi hii ilileta magomvi mengi, maana mbao zilizotolewa mwezi wa Julai hazisafirishwi na mtu mwenye mavuno mlangoni.

Karatasi na desturi

Mkataba wa shamba ulikuwa na masharti yanayofanana nchi nzima. Mpangaji asilime malisho ya zamani bila ruhusa. Akilima, atozwe kodi ya adhabu, mara nyingi pauni 10 au 20 kwa ekari. Asiuze nje ya shamba nyasi kavu, mabua wala tanipu. Viliwe humo humo na samadi ibaki. Asipande nafaka mbili mfululizo kwenye konde moja. Atunze ua na mitaro. Miti ya mbao ni ya bwana, na wanyama na ndege wa kuwindwa ni wa bwana.

Masharti hayo yanaonekana ya kibabe, lakini sehemu yake kubwa ilikuwa kilimo kilichoandikwa kisheria. Mzunguko maarufu wa Norfolk ulikuwa wa miaka minne: ngano, tanipu, shayiri, kisha klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) na nyasi. Kwenye konde la tanipu kondoo walifungiwa ndani ya uzio mwepesi wa kuhamishika, wakala kipande kimoja, kisha uzio ukasogezwa. Walikula, wakanya, wakaukanyaga udongo mwepesi wa Norfolk hadi ukashikamana, na shayiri iliyofuata ikapata ardhi iliyolishwa tayari. Klova nayo ilirudisha rutuba kwa ajili ya ngano. Anayepanda nafaka juu ya nafaka na kuuza mabua mjini anakula akiba ya udongo, na msimamizi aliliona hilo kwa kutazama tu rangi ya shayiri. Coke wa Holkham amepewa sifa ya kubuni mengi ya haya. Ukweli ni kwamba tanipu na klova zilikuwa Norfolk kabla hajairithi milki mwaka 1776. Alichofanya kwa nguvu ni kutoa mikataba ya muda mrefu, mingi ya miaka 21, yenye masharti ya kilimo ndani yake.

Na hapa ndipo penye fundo. Mkataba wa miaka 21 ulimpa mkulima ujasiri wa kutia fedha ardhini. Lakini bei za nafaka zilipoanguka baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815, waliokuwa wamejifunga kwa kodi za wakati wa vita walifilisika au walimlilia bwana awapunguzie. Kilichobainika ni kwamba mkataba mrefu unamfunga bwana bei zikipanda, na haumfungi mpangaji zikianguka, maana mtu asiye na kitu hadaiwi. Pande zote mbili zikauogopa. Mashamba mengi yakaendeshwa kwa upangaji wa mwaka hadi mwaka, wa kukatishwa kwa notisi ya miezi sita inayoishia siku mwaka wa upangaji unapoishia. Aliyeingia 29 Septemba alipaswa kupewa notisi kabla ya 25 Machi. Notisi iliyochelewa siku chache ilimpa mwaka mzima zaidi. Familia nyingi zilikaa hivyo kwa vizazi, bila karatasi ya maana, zikitegemea neno la bwana.

Neno likivunjika, au bwana akifa, fedha iliyomo udongoni ilikuwa ya nani? Kwa sheria ya jumla ilikuwa ya mwenye udongo. Baadhi ya kaunti zilijitengenezea dawa yao. Desturi ya Lincolnshire ndiyo iliyosifiwa zaidi: anayeondoka analipwa, na kwa kawaida anayelipa ni mpangaji anayeingia, kwa thamani ambayo bado haijatumika. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme chokaa ya pauni 60 inahesabiwa kudumu miaka sita. Mkulima akiondoka baada ya miaka miwili, theluthi imekwisha. Anadai pauni 40. Mashudu yalihesabiwa kwa muda mfupi zaidi, mifupa kwa muda wa kati, mifereji kwa muda mrefu. Kila upande ulichagua mthamini wake, na wathamini wawili, kabla ya kuanza, walimteua mwamuzi wa kukata shauri wakishindwana. Walitembea shamba zima wakipima lundo la nyasi kavu kwa ujazo, rundo la samadi kwa yadi, na makonde yaliyokwishalimwa kwa idadi ya mara plau ilipopita.

Tarehe ya kuingia nayo ilibadili hesabu. Shamba la kuingia Septemba lilikuwa jepesi, mavuno yamekwisha na mgeni anapanda ngano yake. La kuingia Machi lilikuwa na ngano iliyokwishapandwa na anayeondoka, kwa hiyo ama alirudi Agosti kuvuna, akiburuza mikokoteni katikati ya kazi za mwenzake, ama ngano iliuzwa kwa mgeni ingali kijani. Msimamizi aliyeweza alihamisha mashamba yake taratibu kwenda kwenye tarehe ya Septemba.

Pasipokuwa na desturi ya fidia, mkulima aliyepata notisi alifanya lililo la akili kwake: akakomba. Mwaka wa mwisho hakununua mbolea, alipanda nafaka kila alipoweza, na aliacha mitaro ijae. Aliyeingia alihitaji miaka kadhaa kurudisha rutuba, na kwa muda huo kodi ilishuka. Philip Pusey, mbunge wa Berkshire, alijaribu katika miaka ya 1840 kuifanya fidia kuwa sheria ya nchi, akashindwa. Sheria ya mwaka 1875 ilipanga maboresho kwa makundi matatu: majengo na mifereji yahesabiwe kudumu miaka 20, chokaa na mifupa miaka 7, mbolea na mashudu miaka 2. Pia ilirefusha notisi kuwa mwaka mzima. Lakini iliruhusu pande mbili kukubaliana kutoitumia, na wasimamizi wengi waliwapa wapangaji karatasi ya kujitoa waitie saini. Ilichukua sheria ya mwaka 1883 kuifanya fidia isiweze kukwepwa.

Maji chini ya konde

Kama kuna kazi moja inayoonyesha milki ilivyofanya kazi, ni ya kutoa maji kwenye udongo wa mfinyanzi. Maji yakisimama, udongo unakuwa baridi, mizizi inaoza, na farasi hawawezi kuingia kondeni hadi majira yamepita. Dawa ilikuwa mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyozikwa. Kuanzia miaka ya 1840 mashine za kukamua udongo zilifanya mabomba kuwa rahisi, na milki nyingi zilijenga tanuri zao.

Kazi ilifanyika wakati wa baridi. Kwanza msimamizi alitafuta mdomo, mahali pa chini kabisa ambapo maji yatatokea kwenye mtaro wazi. Wachimbaji walianzia hapo wakipanda juu, ili maji yawakimbie wakiwa kazini. Walitumia sepeto nyembamba, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, hadi sakafu ya mtaro ikawa na upana wa bomba tu. Kina kilichopendwa ni futi 4, kwa ushawishi mkubwa wa mhandisi Josiah Parkes. Wapinzani wake, wafuasi wa James Smith wa Deanston, walitaka mitaro ya kina kifupi iliyokaribiana. Mistari ikiwa na nafasi ya futi 24, ekari moja ilihitaji futi 1,815 za mtaro, yaani mabomba 1,800 hivi ya futi moja. Gharama ilikuwa takriban pauni 5 au 6 kwa ekari, katika nchi ambayo kodi ya ekari hiyo haikufika pauni moja na nusu.

Yaliyoharibika yalikuwa mambo madogo. Sakafu ya mtaro ikiwa na bonde, matope yanatulia humo na kuziba. Mizizi ya mti wa uani inaingia kwenye maungio na kujaza bomba kama mkia wa farasi. Mdomo usiposafishwa kila mwaka, konde zima linarudi kuwa bwawa. Kwenye mfinyanzi mzito kabisa futi 4 zilikuwa nyingi mno, maji hayakufika chini kwa wakati. Na kosa la aibu zaidi lilikuwa la karatasi: kutochora ramani ya mistari. Msimamizi akistaafu, hakuna aliyejua midomo iko wapi.

Nani alilipa? Mtumiaji wa maisha asingetumia fedha zake kumtajirisha mrithi asiyempenda. Bunge lilipofuta ushuru wa nafaka za nje mwaka 1846, lilitoa pia mkopo wa pauni milioni 2 kwa Uingereza na Uskoti kwa kazi hii, na kampuni binafsi zikafuata. Mkopo ulibebeshwa ardhi yenyewe, si mtu, na ulilipwa kwa asilimia 6.5 kwa mwaka kwa miaka 22, riba na mtaji pamoja. Kwa kazi ya pauni 5 kwa ekari hiyo ni shilingi 6 na peni 6 kila mwaka. Mpangaji kwa kawaida aliongezewa kodi ya asilimia 5 ya gharama, yaani shilingi 5. Shilingi moja na nusu iliyobaki ilitoka mfukoni mwa bwana kwa miaka 22, kisha faida yote ikawa yake. Wakaguzi wa serikali walishikilia futi 4 kama sharti la mkopo, na hapo nadharia ya mtu mmoja ikazikwa kwenye makonde ambayo haikuyafaa.

Sungura, kura, na nyumba ya kibarua

Kuna mambo ambayo hayakuwa kilimo lakini yaliharibu kilimo. Sungura wa bwana walikula ngano ya mpangaji, na mpangaji hakuruhusiwa kuwaua hadi sheria ya mwaka 1880 ilipompa haki hiyo, haki ambayo hata mkataba haungeweza kumnyang'anya. Ndege walibaki wa bwana. Mageuzi ya mwaka 1832 yalimpa kura mpangaji wa kodi ya pauni 50 na zaidi katika kaunti, na kwa kuwa kura ilipigwa hadharani, msimamizi alijua aliyeenda kinyume. Kura ya siri ilikuja mwaka 1872. Zaka ya kanisa, iliyokuwa ikichukuliwa kwa mazao, iligeuzwa na sheria ya mwaka 1836 kuwa fedha iliyofuata wastani wa miaka saba wa bei za ngano, shayiri na oti, na mwaka 1891 mzigo wa kuilipa ulihamishiwa kwa mwenye ardhi moja kwa moja.

Kibarua ndiye aliyekuwa chini ya hesabu zote. Caird alikuta wastani wa shilingi 11 na peni 6 kwa wiki kaskazini na shilingi 8 na peni 5 kusini, ambako hakukuwa na viwanda na migodi ya kushindania watu. Nyumba yake ilikuwa biashara mbaya: iliyojengwa kwa pauni 140 na kupangishwa shilingi moja na peni sita kwa wiki ilirudisha chini ya asilimia 3, kabla ya matengenezo. Tena hadi mwaka 1865 kila parokia ilibeba gharama za maskini wake yenyewe, kwa hiyo mwenye ardhi aliyemiliki parokia nzima alipata faida kwa kubomoa nyumba. Vibarua walihamia kijiji cha jirani na kutembea maili kadhaa kwenda kazini alfajiri. Huu ulikuwa ukatili wa kimyakimya, na wasimamizi waliouendesha walikuwa na hesabu safi kabisa. Waliopata nyumba ya shamba walipoteza kazi na nyumba siku moja. Joseph Arch, aliyekuwa kibarua mwenyewe, alipowakusanya vibarua waunde chama kule Wellesbourne, Warwickshire, mwaka 1872, hofu hiyo ilikuwa kwenye kila mdomo.

Mvua ya mwaka 1879 na kilichofuata

Kiangazi cha mwaka 1879 kilikuwa cha mvua na baridi. Ngano ilioza, na minyoo ya ini iliua kondoo wengi mno. Zamani mavuno mabaya yalipandisha bei na kumfidia mkulima. Safari hii ngano ya Marekani ilijaza pengo kwa reli na meli za mvuke. Robo ya ngano, kipimo cha lita 290 hivi, ilikuwa shilingi 56 na peni 9 mwaka 1877. Mwaka 1894 ilikuwa shilingi 22 na peni 10.

Kwa aliyeshindwa kulipa, bwana alikuwa na silaha ya kale: kukamata mifugo na vifaa vya mpangaji bila kwenda mahakamani, kuvishikilia siku tano, kisha kuviuza, akiwatangulia wadai wengine. Kabla ya mwaka 1883 angeweza kufanya hivyo kwa deni la miaka sita. Baada ya hapo, kwa shamba, mwaka mmoja. Wakopeshaji na wauza mbolea waliichukia, kwa sababu mali waliyomkopesha mkulima ilimwendea bwana kwanza. Kanuni hii ilisafiri: sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa ajili ya kodi inampa mwenye nyumba haki ile ile kama ilivyo katika sheria ya jumla ya Uingereza (common law), na wapangaji wa maduka wa Nairobi wanaijua vizuri.

Shambani haikusaidia sana. Ukiuza kondoo wa mpangaji, unabaki na shamba tupu wakati hakuna anayetaka shamba. Kwenye mfinyanzi wa Essex wasimamizi walikubali kodi za chini ili kuwapata wakulima kutoka Ayrshire, Uskoti, waliokuja na ng'ombe wao wa maziwa na kukamua kwa mikono ya familia. Mwaka 1882 sheria ilimruhusu mtumiaji wa maisha kuuza ardhi ya ukoo, fedha zikikaa kwa wadhamini, lakini wanunuzi walikuwa wachache na bei zilikuwa zikishuka. Mwaka 1894 serikali iliongeza kodi ya urithi iliyofika asilimia 8 kwa mali ya zaidi ya pauni milioni moja.

Kugeuza konde la ngano kuwa malisho ya kudumu kulitaka mbegu za nyasi zilizochanganywa vizuri, uzio, maji ya kunywesha, na miaka kadhaa ya kusubiri. Wasio na fedha za hayo waliacha tu nyasi na magugu yajiotee. Futi nne chini yake mabomba yaliendelea kutoa maji, na ofisini, kila nusu mwaka, msimamizi aliendelea kuandika awamu ya mkopo uliolipia kuyazika.